Mmea wa kutambaa kwenye mteremko wa mchanga chini ya mwamba: nipande upi kabla ya vuli?

Mama wa Luchelele:

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba ushauri juu ya jambo lililonisumbua kwa misimu miwili ya mvua, ambalo nisingependa linikute tena vuli ya mwaka huu.

Nyumba yetu ipo Luchelele, Mwanza, kwenye mteremko unaotazama Ziwa Victoria. Nyuma ya jiko kuna eneo la mita 12 kwa 9 hivi lililobaki tupu tangu mafundi walipomaliza ujenzi, na juu yake umekaa mwamba mpana kuliko paa la nyumba. Mvua inyeshapo, maji yote yanayoangukia mwamba huo hushuka kwa pamoja, yakaupiga udongo, yakafuata mteremko hadi kwenye mtaro wa jirani, na kutoka hapo yakaenda ziwani. Udongo wenyewe ni ule mchanga mwepesi ambao Wasukuma huuita luseni, usioshikamana hata ukiufinyanga mkononi ukiwa na unyevu. Tulipohamia, ngazi ya mwisho ya mlango wa jikoni ilikuwa sawa na ardhi. Leo mwanangu wa miaka sita hulazimika kuruka ili ashuke, na upande mmoja mawe ya msingi yamekwisha kuchungulia. Kila mvua kubwa nasimama mlangoni nikiyatazama yale maji yenye rangi ya chai ya maziwa yakiondoka na ardhi yetu, na roho inaniuma.

Nimejaribu ukoka. Tuliupanda mwezi wa Aprili. Sehemu ya chini ulishika vizuri, lakini sehemu ya juu ulisombwa kabla haujaota mizizi, na uliobaki ulikauka Agosti kwa sababu maji ya bomba tunayapata kwa mgao na siwezi kumwagilia bustani wakati madumu ya kunywa hayajajaa. Isitoshe, ukoka unataka kufyekwa mara kwa mara, na kusimama na slasha kwenye mteremko ule ni hatari.

Kwa hiyo natafuta mmea mfupi unaotambaa na kufunika ardhi wenyewe, utakaovumilia jua kali upande wa mashariki na kivuli cha mwembe upande wa magharibi. Wiki iliyopita nilinunua kando ya barabara miche 40 ya mmea ambao muuzaji aliniambia ni karanga za mapambo. Una maua ya njano, na alinihakikishia kwamba hauhitaji maji wala mbolea, na kwamba ndani ya miezi mitatu utakuwa umefunika kila kitu. Nimepanda mstari mmoja chini ya mwamba kwa majaribio. Mingine bado ipo kwenye viroba. Je, nimechagua vizuri? Nipande kwa umbali gani kati ya mche na mche? Na je, nianze na vuli au nisubiri masika?

Bwana Shamba Mstaafu:

Mama, pole kwa msingi wa nyumba, na hongera kwa kupanda mstari mmoja kwanza kabla ya kupanda eneo zima. Kabla sijajibu swali lako, naomba uende bustanini ukautazame mmea huo kwa karibu, kwa sababu maneno mawili uliyoyaandika yamenitia wasiwasi: maua ya njano, na miezi mitatu.

Karanga za mapambo, ambazo kwa jina la kitaalamu ni Arachis pintoi, ni ndugu wa karanga tunazokula, na asili yake ni Brazili. Jani lake limegawanyika katika vijani vinne, jozi mbili zinazotazamana, sawasawa na jani la karanga shambani, na giza likiingia vijani hivyo hujikunja. Ua lake ni dogo na lina umbo la ua la kunde. Upo mmea mwingine wa njano unaouzwa kwenye viroba vilevile, nao ni wedelia. Huo jani lake ni moja, limenyooka na kukatika katika ncha tatu, linang'aa upande wa juu, nayo majani hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye kila pingili. Ua lake ni alizeti ndogo, yenye petali zilizozunguka kitovu. Mtu akitazama rangi peke yake ataichanganya, lakini akitazama jani hawezi kukosea. Karanga za mapambo, kwa uzoefu wangu, hazifuniki mteremko kwa miezi mitatu. Mwanzoni huenda polepole kiasi cha kumkatisha mtu tamaa, na kwenye luseni huchukua karibu mwaka mzima kufunga mkeka. Anayeahidi miezi mitatu huenda anauza kitu kingine.

Wakati nasubiri jibu lako, niseme juu ya jambo ambalo naliona kubwa kuliko mmea wenyewe. Mama, hakuna mche wa kutambaa utakaosimama mbele ya maji yanayoshuka kutoka kwenye mwamba mpana kuliko paa. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa Mwanza ni mvua ya kawaida ya alasiri moja ya Novemba, ikinyesha juu ya mwamba wa mita za mraba 100 inatoa lita 2,000 za maji, na ukitoa kiasi kidogo kinachobaki kwenye nyufa, zote zinakuja kwenye hicho kipande chako cha mita 12. Ukoka wako haukufa kwa sababu ni mmea mbaya. Ulisombwa kwa sababu maji hayakupunguzwa kasi kwanza. Kwa hiyo anza na mawe, ambayo kwa mji wetu si kitu cha kununua.

Tengeneza kipimo cha fremu A: miti miwili yenye urefu wa mita mbili iliyofungwa pamoja juu na kutanuliwa chini, mti wa tatu ukiikatiza katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni kama timazi ya fundi. Isimamishe mahali palipo sawa, weka alama pale kamba inapokatiza mti wa katikati, kisha igeuze miguu ibadilishane nafasi na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo alama yako ya kweli. Ukitembea nayo mtelemkoni hatua kwa hatua, kila mara kamba inapogusa alama hiyo miguu yote miwili ipo katika kimo kimoja, na unapigilia kigingi. Vigingi hivyo ndivyo vinavyokuonyesha mstari wa makinga maji. Kwa urefu wa mita tisa unahitaji mistari mitatu. Chimba mfereji wenye kina cha kiganja, panga mawe makubwa ndani yake, kisha jaza madogo upande wa juu. Usiyajengee kwa saruji, kwa maana tunataka maji yapite polepole kati ya mawe na udongo ubaki nyuma. Saruji iweke mahali pamoja tu, nayo ni chini ya mwamba, ambapo ukingo mdogo uliojengwa kwa kuinama upande mmoja unaweza kupeleka sehemu ya maji hayo kwenye tanki. Maji yanayokubomolea nyumba mwezi wa Novemba yangekutunzia bustani mwezi wa Julai.

Nilipofanya kazi ya ugani Ukerewe, nilivuka mara kadhaa kwenda kisiwa cha Ukara, na mpaka leo nikiona mteremko ulioachwa tupu nakumbuka kule. Wakara wanalima mchanga uliotokana na graniti kama wetu, kisiwa kimejaa watu, na kwa vizazi vingi wameishi kwa kupanga makingo ya mawe, kufungia ng'ombe nyumbani ili wapate samadi, na kupanda mimea ya jamii ya marejea katikati ya uwele ili irutubishe ardhi. Mawe kwanza, samadi ya pili, na mmea wa jamii ya kunde wa tatu. Sioni sababu ya bustani ya Luchelele kufuata mpangilio tofauti.

Mama wa Luchelele:

Shikamoo mzee wangu, na nashukuru sana kwa kunifafanulia kwa uvumilivu. Nimekwenda na tochi usiku huuhuu. Jani ni moja, lina ncha tatu, linang'aa, na yapo mawili mawili kwenye kila pingili. Halijajikunja ingawa giza limeingia zamani. Ua lililobaki ni alizeti ndogo kabisa. Na kilichonishtua zaidi ni kwamba ile miche niliyoipanda siku tisa zilizopita, ambayo nimeimwagilia mara mbili tu, imekwisha kutoa mizizi mipya kwenye pingili zinazogusa ardhi. Nilipouvuta mmoja taratibu, ulinikatikia mkononi na nusu yake ikabaki ardhini.

Sasa nauliza kwa moyo mweupe: kama unashika ardhi haraka namna hii, na mimi shida yangu ni ardhi inayoondoka, kwa nini nisiuache? Siulizi kwa ubishi. Nimelipa fedha, na mvua zinakaribia.

Kijana wa Isamilo:

Dada yangu, naomba nijibu hili mimi, kwa kuwa nimepita njia hiyo na ningependa kukuepusha nayo.

Sisi nyumbani tulipanda wedelia miaka minne iliyopita kando ya mtaro, kwa sababu hiyohiyo yako. Msimu wa kwanza tulifurahi, ilikuwa zulia. Msimu wa pili ilikuwa imepita chini ya ukuta na kuingia kwenye mchicha wa jirani, imepanda juu ya mawe, na imefunika miche mitatu ya mipapai ambayo mama alikuwa ameiotesha, mpaka tukaisahau kwamba ipo. Tulipoamua kuiondoa, tulitumia Jumamosi tatu mfululizo, watu wanne, na kila kipande kilichobaki ardhini, hata chenye urefu wa kiungo kimoja cha kidole, kiliota upya. Kosa letu kubwa lilikuwa jingine, nami nalisema kwa majuto: lundo la kwanza tulilitupa pembeni mwa mtaro tukidhani litakauka. Mvua ikalichukua. Miezi michache baadaye nilikuta wedelia imeota chini kabisa, pale mtaro unapokutana na mto mdogo unaokwenda ziwani, na hapo hakuna tena mtu wa kuing'oa.

Wedelia imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotolewa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Magugumaji nayo yamo kwenye orodha hiyohiyo, na hata sangara yumo. Nadhani sisi wa kanda hii hatuhitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Magugumaji nayo yalianza kusafirishwa duniani kutoka Amerika ya Kusini kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa yameenea katika ziwa letu, mengi yakishuka na Mto Kagera. Babu yangu alikuwa mvuvi, na alituhadithia siku ambazo mitumbwi ilishindwa kutoka ufukweni. Walileta fukusi wa kuyala, watu wakayang'oa kwa mikono, yakapungua sana, lakini hayajaisha hadi leo. Mteremko wako unatazama ziwa, na mtaro wako unaishia humo.

Kwa hiyo ng'oa miche hiyo sasa, kabla ya mvua, wakati udongo ni mkavu na mizizi bado michache. Usivute, tumia uma wa bustani au jembe dogo, inua udongo wote kuzunguka mche kwa upana wa kiganja, kisha chekecha kwa vidole utoe kila kipande. Halafu tandaza yote juu ya huo mwamba wako, juani, mahali ambapo haigusi udongo. Mwamba wa Mwanza saa nane mchana unakausha mchembe, hautashindwa na wedelia. Igeuze kila siku kwa wiki mbili, na ikivunjika kama jani la tumbaku, ichome. Ile iliyo kwenye viroba ifanyie vivyo hivyo pamoja na udongo wake. Usimpe mtu mwingine hata kama anaomba, na kwa wiki nane zinazofuata pita pale kila Jumamosi ukitafuta machipukizi.

Baada ya kuiondoa, sisi tulipanda karanga za mapambo za kweli, na sasa tunazo mita kumi na kitu za mkeka uliofunga vizuri. Ukija Isamilo nitakukatia vipandikizi bila malipo.

Bibi wa Sangabuye:

Mwangaluka, wanangu. Nimesoma mazungumzo haya kwa furaha, maana ni nadra siku hizi kusikia watu wakiujali udongo. Lakini nimeshangaa kidogo kwamba tumekwenda Brazili kutafuta mmea wa kutambaa wakati kila nyumba ya Msukuma ina mmoja nyuma ya jiko.

Mama, panda viazi vitamu. Marando ya viazi yakipandwa mvua ya kwanza ikishalowesha ardhi, ndani ya wiki sita hadi nane huoni udongo. Matembele utachuma kila wiki, ukiyaunga kwa karanga watoto watakula wasibakize, na viazi vyenyewe utapata vya kuchemsha na vya kukatakata uanike michembe. Vikizidi, utavichemsha kwanza ndipo uvianike, upate matobolwa ya kuwekea chai wakati wa kiangazi. Hicho unachokiita karanga za mapambo kitawalisha nini watoto? Marando hayauzwi huku kwetu, mtu humkatia jirani yake. Chagua shina lisilo na majani yaliyojikunyata wala kugeuka manjano, kwa sababu hayo yana ugonjwa unaoletwa na nzi weupe, na ukiyapanda utavuna vidole badala ya viazi. Kata urefu wa kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, zika theluthi mbili.

Bwana Shamba Mstaafu:

Bibi, shikamoo. Ulichosema ni kweli tupu, nami nakiri kwamba nilikimbilia mmea wa mapambo kabla ya kuuliza kama ardhi hiyo inaweza kulisha watu. Naomba tu niongeze jambo moja juu ya msimu. Viazi vilivyopandwa Novemba hukomaa Machi au Aprili, na kuvivuna ni kulima: jembe linageuza udongo wote, nalo linaugeuza katikati ya masika, wakati mvua ni nyingi kuliko miezi yote. Mahali pa tambarare hilo halina madhara. Kwenye mteremko ulio chini ya mwamba, mvua moja baada ya mavuno ingechukua udongo mwingi kuliko uliookolewa kwa miezi minne. Kwa hiyo napendekeza theluthi ya chini, chini ya mstari wa tatu wa mawe, ambako mteremko hupungua na udongo unaokamatwa utakuwa unakusanyika, iwe ya viazi vya bibi. Sehemu mbili za juu, ambazo jembe halipaswi kuingia tena kabisa, ziwe za karanga za mapambo. Akitaka, mama anaweza kupanda marando hata juu kwa mwaka wa kwanza kwa ajili ya matembele tu bila kuchimba viazi, lakini hapo ajue marando yatafunika vipandikizi vya karanga na kuvinyima jua, kwa hiyo asiyachanganye kwenye kipande kimoja.

Sasa nijibu maswali ya mwanzo. Kwa umbali wa sentimita 30 kila upande, eneo lote la mita 108 za mraba lingehitaji vipandikizi 1,200. Kwa theluthi mbili tu ni 800. Hiyo ni kazi kubwa ya kukata, lakini si lazima vyote vipandwe sawia. Anza chini tu ya mwamba na juu tu ya kila mstari wa mawe, mahali ambapo unyevu hukaa muda mrefu, na uviweke karibu karibu. Katikati weka sentimita 50 na ufunike udongo kwa matandazo ya nyasi kavu zisizo na mbegu, au kwa maganda ya mpunga yaliyokandamizwa kwa vijiti ili yasipeperuke. Mmea utajaza nafasi wenyewe.

Kipandikizi kiwe na urefu wa sentimita 20 na pingili tatu au nne. Kikate asubuhi, kifunge kwenye gunia lenye maji, kipande siku hiyohiyo. Pingili mbili ziingie ardhini, ncha yenye majani ibaki nje, na udongo ukandamizwe kwa kisigino kwa nguvu, kwa kuwa luseni iliyolegea haigusani na mizizi. Weka kiganja kimoja cha samadi iliyooza ndani ya kila shimo, wala usiitawanye juu. Samadi iliyo juu itasombwa hadi ziwani, na virutubisho hivyo ndivyo vinavyonenepesha magugumaji. Usipande mvua ya kwanza. Subiri mpaka ukichimba ukute unyevu umefika kina cha kiganja na vidole vyake, na kisha mvua ikipumzika zaidi ya siku nne katika mwezi wa kwanza, mwagilia jioni. Kiangazi kikija utaona majani yakipungua na hata kudondoka sehemu zenye jua. Usiogope na using'oe, mashina yakiwa hai yatachipua tena Oktoba.

Kabla ya yote hayo, toa ndago. Mmea huu mwaka wa kwanza haushindani na ndago hata kidogo, na kuipalilia ndago baada ya vipandikizi kushika ni kuving'oa pamoja. Chimba sasa, kiangazi hiki, ufuate kila kiazi chake.

Mama wa Luchelele:

Wazee wangu na ndugu zangu, naandika tena baada ya wiki tano, kwa sababu mlinipa muda wenu na mnastahili kujua kilichofanyika.

Wedelia ilikaa juu ya mwamba siku kumi na sita na tukaichoma. Machipukizi matatu yamejitokeza tangu hapo, yote kwenye mstari ule wa majaribio, na nimeyatoa kwa uma. Mistari mitatu ya mawe imekamilika; mume wangu na vijana wawili waliipanga kwa siku nne, na mstari wa fremu A ulitushangaza, kwa maana kwa macho tungeapa kwamba unapanda kilima. Ukingo wa saruji upo, tanki bado tunakusanya fedha. Kijana wa Isamilo alinikatia vipandikizi vingi kuliko nilivyoomba, Mungu ambariki, na kwa kuwa mvua ilikuwa haijaanza niliviotesha kwenye kitalu cha mita mbili chini ya mwembe. Leo nimechomoa kimoja kukagua: kina mizizi minne myeupe yenye urefu wa kidole, na kwenye mmoja wao kuna vinundu vidogo kama mbegu za mtama. Mvua mbili zimenyesha. Ya pili ilikuwa kubwa, na asubuhi nilikuta juu ya kila mstari wa mawe kuna utepe wa mchanga mpya, wenye unene wa kama vidole viwili. Huo ni udongo ambao mwaka jana ungekuwa ziwani.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kuku wangu sita wamekwisha kugundua kitalu. Na mama mkwe wangu ana hofu kwamba mkeka wa majani karibu na nyumba utakaribisha nyoka.

Bwana Shamba Mstaafu:

Hofu ya mama mkwe wako ni ya haki na isipuuzwe. Acha ukanda wa mita moja kuzunguka msingi bila mmea wowote, uujaze changarawe, na mkeka ukifika ukingoni ukatwe kwa panga kila mwezi wakati wa mvua. Mmea huu kwenye jua hubaki chini ya kimo cha goti, lakini kivulini, chini ya mwembe, hunyanyuka, kwa hiyo hapo ufyekwe mara mbili kwa mwaka, na mabaki yake uwape mbuzi wa jirani, wanayapenda sana. Wakati wa kupanga mawe natumaini mliziba mashimo makubwa kati yake kwa mawe madogo, kwa maana nyoka hutafuta pango kabla ya kutafuta majani.

Kuku wazuie kwa wavu mpaka mwisho wa masika. Hata wasipoula mmea, watachakura samadi na kufukua kila ulichokandamiza. Utajua wakati wa kuondoa wavu kwa kuvuta shina moja kwa vidole viwili: likija lote mkononi, bado, likikatika huku mizizi ikibaki ardhini, waachie.

Na hivyo vinundu ulivyoviona, chukua kimoja ukipasue kwa ukucha. Kikiwa cheupe au cha kijani ndani, hakifanyi kazi. Kikiwa chekundu kama nyama ya samaki mbichi, mmea umekwisha kuanza kujitengenezea mbolea yake kutoka hewani, na unaweza kuuhamishia mteremkoni wiki hii.